Picha ya Kisu na Msalaba

Kusini mwa Malawi

Ndugu yangu Seif,

Assalamu alaykum. Zipokee salamu za kaka yako na uzifikishe ndani kabla hujakaa kitako kusoma, maana najua ukishaanza hutainuka. Mimi mzima. Goti la kushoto linanisumbua nikisujudu, lakini lilinisumbua hata huko nyumbani Al Qabil, siwezi kuisingizia Malawi. Wewe je? Kifua kimetulia? Mfereji wa falaji unaleta maji ya kutosha, au bado mnagombania zamu? Na mitende ya marehemu baba, mmeipandishia chavua kwa wakati mwaka huu, au mmemwachia tena yule kibarua akaichelewesha?

Nakuandikia kwa mkono, na barua hii anakuletea mfanyabiashara wa hapa anayekwenda Maskati kununua bidhaa. Nikikupelekea sauti kwa simu, itapita kwa watu wengi, na kila mmoja ataisambaza kipande anachokipenda. Karatasi itakufikia nzima.

Ujumbe wako niliupata: ile picha, na chini yake maneno manne, "Kaka, hii ni nini?" Tangu siku hiyo nakupigia, simu inaita mpaka inakatika. Lililobaki nimelisikia kwa mama Rahma. Ameniambia kwamba wakwe zetu wa Ibra wameiona picha hiyo, wakakuvuta pembeni sablani, pale barazani petu pa wanaume, wakataka uwe wewe walii wa Rahma siku ya nikaha, si mimi baba yake. Sababu hawakuitaja. Hawakuwa na haja. Baba aliyeritadi, akautoka Uislamu, hawezi kumwozesha binti yake, hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Na wewe, Seif, hukuwajibu kitu. Uliwamiminia kahawa.

Basi nisikilize kwa utaratibu, kama nilivyokuwa nikikusomesha hesabu, na usiruke mbele.

Picha inanionyesha nimesimama na dishdasha nyeupe yenye damu kwenye pindo. Nina kisu mkononi. Nyuma yangu pametandazwa kitambaa kikubwa chenye msalaba, na bwana mmoja mnene, mwenye joho la zambarau, ameniwekea mkono begani. Yote hayo ni kweli. Sikani hata moja. Lakini picha haiwezi kueleza kilichoitangulia.

Unajua nilikuja huku baada ya kustaafu ualimu Ibra, kusomesha Kurani na Kiarabu. Usilolijua ni namna kijiji hiki kinavyokaa. Waislamu na Wakristo hapa hawakai mtaa huu na mtaa ule. Wanakaa chumba hiki na chumba kile. Kaka anakwenda msikitini, dada anaimba kwaya, na jioni wote wanachota mchuzi chungu kimoja. Mwaka wa kwanza jambo hili lilinitia mashaka sana. Nilipokuwa nikisomesha, nilimtazama kila mzazi aliyesimama mlangoni nikijiuliza, huyu kaja kumchukua mwanawe au kaja kunipeleleza?

Wiki chache zilizopita alikuja nyumbani kwangu Mzee Yohana. Huyu ni mzee wa kanisa la hapa. Ujanani alikata mkonge Tanga, kwa hiyo Kiswahili anakijua, tena cha kujibu matusi.

"Hodi, Mwalimu. Jumamosi kanisa letu lina mkutano mkuu. Makanisa yote ya wilaya yanakuja. Tunakuomba na wewe ufike."

"Mimi? Nije kufanya nini?"

"Uje mapema, kabla jua halijawa kali. Na kisu chako."

Seif, zingatia hapo. Kisu ninachojulikana nacho hapa ni khanjari ya babu, niliyoivaa siku ya Idi watu wakaja kuitazama kama bibi harusi. Nikajiambia, hawa wanataka kunisimamisha mbele ya umati, Mwarabu na dishdasha yake na khanjari yake, waseme, "Mnawaona? Ndio hawa." Huku habari za misafara ya watumwa bado zinasimuliwa shuleni na kanisani, na mwenye mjeledi katika masimulizi hayo huvaa kama mimi.

"Kisu gani?" nikamwuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Kile cha kiunoni ni cha urembo, Mwalimu, tunajua. Wewe lete kinachokata."

Akaaga akaenda zake, asinieleze zaidi. Nikaenda kwa imamu wetu, Shehe Kasimu, mtu mzima kuliko mimi, nikamwambia Wakristo wananiita na kisu. Nilitarajia ashtuke. Alikuwa akimenya muhogo, wala hakuinua kichwa.

"Nenda," akasema. "Mikono yangu siku hizi inatetemeka."

"Inahusu nini mikono yako?"

"Wewe nenda tu, Mwalimu. Maswali utauliza huko."

Nikatoka pale nimezidi kushuku. Sasa hata imamu yumo.

Jumamosi nilikwenda. Kiwanja cha kanisa kilikuwa kimejaa maturubai ya buluu, na wanawake wa makanisa mbalimbali kila kundi na sare yake, na masufuria ya nsima, ndio ugali wao, makubwa ya kumtosha mtoto kuogelea. Mzee Yohana alinipokea, akanipitisha nyuma ya kanisa. Hapo palikuwa na ng'ombe wamefungwa.

"Kazi yako hii," akasema.

Ndipo nikafahamu. Hapa, kwa miaka ambayo hakuna anayeikumbuka mwanzo wake, kanisa likiwa na shughuli kubwa anayechinja ni Mwislamu, ili jamaa zao Waislamu wakija wasikae na sahani tupu. Wewe na mimi tunajua chakula cha Watu wa Kitabu tumehalalishiwa. Lakini watu wa hapa hawataki kujadiliana sherehe ikiwa tayari, wametafuta njia ya kila mtu kula bila kuuliza. Shehe Kasimu ndiye aliyekuwa akiwachinjia. Kwa mtu wa hapa hilo halihitaji maelezo, kama sisi tusivyomweleza mgeni kwa nini tunamwuliza khabari kabla ya shida yake.

Ningekuwa nimemaliza barua, lakini mambo hayakwenda hivyo. Yule bwana wa joho la zambarau, mkuu wao kutoka mjini, aliponiona nyuma ya kanisa aliuliza mimi nani. Alipoambiwa, akasimamisha mkutano. Jambo likaletwa barazani mbele ya watu wote. Akasema kwa Kichewa, akasema sana, na Mzee Yohana akanitafsiria sikioni maneno machache mno.

"Anasema nini?"

"Anasema jua linapanda."

"Yohana."

"Basi. Anasema watu wa Bwana wasilishwe kwa mkono wa Mwarabu."

Kijana mmoja nyuma yake, mwenye tai, akapaza sauti: "Babu zake walikuja kuchukua watu, huyu kaja kuchukua ng'ombe!" Watu wengine wakacheka. Hili alinitafsiria mwanamke aliyekuwa jirani yangu, kwa sababu Yohana alijifanya hakusikia.

Maneno kama hayo niliyasikia Tabora, kabla wazee hawajaturudisha Omani, tukiwa wadogo, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama. Nilikizungushia kisu kitambaa chake, nikageuka niondoke. Nikaona sasa nimeujua mtego wote, nimeitwa nitolewe mbele za watu.

Akainuka mwanamke mkongwe, Bibi Agnesi, ambaye huniuzia mayai na hunipunja kila wiki. Hakumtazama mkuu wake. Alinitazama mimi, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza ili nisikose neno.

"Mwalimu, wapi wewe? Kaa." Kisha akawageukia wenzake kwa Kichewa, na hapa Yohana alitafsiri kila kitu kwa furaha. "Mkwe wangu Mwislamu. Wajukuu zangu wanakuja mchana huu. Watakula nini, nyimbo? Mkuu atapanda gari lake jioni arudi mjini. Mimi nitabaki na binti yangu asiyenisalimia."

Wanawake wakapiga vigelegele, si wa sare moja tu. Yule mkuu akaitazama hadhara yake, akaona imekwisha kuamua, akaketi. Hata alivyoketi sikupenda. Aliketi kama mtu aliyekumbuka jambo jingine.

Nikarudi kwa ng'ombe. Nikauliza kibla kiko upande gani. Nilikuwa nakijua, nilitaka kuona watafanya nini. Vijana wa kwaya, na makoti yao ya kuimbia, walikuwa wamekwisha kumgeuza yule wa kwanza akaelekea kaskazini, miguu imefungwa, shingo imenyooshwa sawasawa, wala hawakunisikia nikiuliza kwa kuwa walikuwa wakibishana nani akanyage mkia. Niliposema bismillah na takbira, kwa sauti, walinyamaza. Nikachinja.

Wakati wao wanasali, mimi nilikaa nje na ngozi na nzi. Sikuimba. Sikuinamisha kichwa. Baada ya adhuhuri walikuja watu wa msikiti, Shehe Kasimu mbele, wakaketi majamvini na jamaa zao. Bibi Agnesi akawapakulia wajukuu zake mpaka wakalalamika. Watu walikula ile nyama, Seif, bila hata mmoja kuuliza ni mkono wa nani. Hilo ndilo lililonishughulisha zaidi siku ile.

Sasa picha. Nilikuwa nimemaliza kuchinja, nasafisha kisu, nikasikia, "Picha, picha!" Yule mkuu, aliyekuwa hataki mkono wangu kwenye ng'ombe, akaja na mkono wake begani kwangu, anacheka. Kile kitambaa cha msalaba hakikuwapo nyuma ya kanisa nilipochinja. Kilikuja. Nani alikileta, sikuona. Nilikuwa na damu, nimechoka, na mtu mzima ameniwekea mkono, nikasimama. Baadaye ndipo nikajua picha ile inasambazwa kwenye simu, hata ikakufikia wewe, na imewekewa maneno ya Kichewa kwamba mwalimu wa Kiarabu ameipata njia ya Bwana.

Nilikwenda kwa Mzee Yohana.

"Maneno yale kaandika nani?"

"Mwalimu, simu yangu ni ya kupiga na kupokea. Haina hata tochi."

"Sikuulizi simu yako. Nakuuliza nani."

"Si mtu wa hapa," akasema. Namsadiki nusu. Ile nusu nyingine nitaifikiria nikiwa safarini.

Hapo ndipo nilipotaka ufike, na sasa na mimi nina swali. Wakwe wa Ibra hawamjui mtu Malawi. Hawasomi Kichewa. Mama Rahma anasema picha walionyeshwa sablani, kwenye simu yako. Ulikuwa ukiwauliza, au ukiwaonyesha? Maana hayo ni mambo mawili. Anayeuliza humtafuta kaka yake kwanza. Na mimi nilikuwa nikipiga.

Labda ulishtuka ukamwonyesha aliyekaa karibu. Nitafurahi ukiniambia hivyo. Ila sitakufundisha jibu.

Nitafika kabla ya nikaha, inshallah. Sitaapa mbele ya wakwe, wala sitaleta hati ya imamu, ingawa Shehe Kasimu amejitolea kuniandikia. Nina ombi moja. Mbuzi wa karamu wasichinjwe mpaka nifike. Nitawachinja mwenyewe uani kwetu, mchana kweupe, na wakwe waitwe mapema waone. Wanajua, kama ninavyojua mimi, kwamba alichochinja aliyeritadi hakiliwi.

Nisalimie mama mdogo Zuwena, mwambie dawa yake ya goti imekwisha na hapa hawaijui. Nisalimie mama Rahma, ambaye peke yake hakuniuliza chochote juu ya picha ila kama ile damu imetoka kwenye dishdasha. Msalimie shemeji yako Hilali na watoto wake, na yule muadhini wetu, mwambie nina hamu naye, hata kama huchelewa kuadhini. Rahma usimsomee barua hii. Mwambie tu baba anakuja kumwozesha.

Siku hiyo, nyama ikishaiva, sahani ya kwanza nitaiweka mbele yako. Wakwe hawatanitazama mimi, Seif. Watatazama mkono wako.

Kaka yako,
Suleiman