Mto Usiokuwepo Newala

Bukoba

Mama yangu,

Shikamoo. Marahaba yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, maana najua utaitikia kwa sauti ingawa mbele yako yupo wifi yangu anayekusomea. Wifi, na wewe salama? Soma polepole, usiruke. Mama, goti linaendeleaje? Na bomba je, limetoa wiki hii au bado mnanunua maji ya madumu? Huku mvua inanyesha kila ikijisikia, nguo hazikauki, na migomba imenizunguka mpaka mlangoni. Mimi mzima. Nakula ndizi kila siku, ila moyo wangu uko kwenye ming'oko, vile viazi vyetu vya porini.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza, "Vocha itaisha," na hii habari haitaki kukatizwa. Inamhusu Bibi Nambuta, yule bibi wa bibi yako ambaye jina lake ulinipa mimi liwe la nyumbani, ingawa huku kazini wananijua kama Zuhura.

Shuleni kwetu tulikuwa na siku ya maonyesho, wazazi na wageni wanakuja kuona kazi za wanafunzi. Sisi wa somo la historia tulipewa biashara ya utumwa, na mkuu wa shule akataka kila mwalimu alete simulizi ya kwao. Mimi yangu nilikuwa nayo mdomoni. Nikaisimulia kama ulivyonisimulia wewe tukibangua korosho: kwamba watekaji walipokuwa wanapita bonde la Ruvuma na minyororo yao, watu wetu waliyaacha maji ya bondeni wakapanda juu, wakajificha ndani ya kichaka kisichopitika, mahali pasipo kisima wala kijito. Kwamba wanawake walikuwa wanateremka lile genge, ule mteremko mkali wa kwenda bondeni, kuteka maji na kupanda nayo kichwani, kila safari wakipita kwingine ili njia isije ikaonekana. Na kwamba siku moja Bibi Nambuta na mdogo wake walishuka wawili, akapanda mmoja.

Simulizi iliwagusa walimu. Mwenzangu Mwalimu Adventina, anayefundisha kompyuta, Mhaya wa hapa hapa, mtu mwema na mcheshi, akasema tuiwekee picha kubwa pale mlangoni mwa ukumbi. Siku hizi haichorwi kwa mkono, Mama. Unaiandikia kompyuta unachotaka, unapiga funda moja la chai, picha hii hapa.

Ilikuwa picha ya kuhuzunisha kwelikweli. Anga la kijivu, mstari mrefu wa watu wamefungwa shingoni, vichwa chini, machozi yanang'aa mashavuni. Nyuma yao vibanda, na kando ya vibanda mto mpana umetulia. Chini pameandikwa: Bibi Nambuta na watu wa Newala. Mwalimu mmoja alivua miwani akajifuta macho. Na mimi, sikufichi, nilisogea karibu niitazame vizuri. Halafu nikauona ule mto, nikacheka.

Haikuwa adabu, najua. Walimu wote waligeuka.

"Mwalimu Zuhura, kinachochekesha hapa ni nini?" mkuu akaniuliza.

"Samahani, Mkuu. Newala tungekuwa na mto kama huo, mama yangu asingekuwa anafunga koki ya tangi kwa kufuli."

Wenzangu wakacheka kidogo. Yeye hakucheka. Akasema mto ni pambo tu, na kwamba watu hawawezi kuishi mahali pasipo na maji. Nikamwambia, "Hiyo ndiyo simulizi yenyewe, Mkuu. Waliweza."

Kadiri nilivyoitazama ile picha ndivyo ilivyonikera. Nyuso zote zilikuwa moja, kana kwamba mama mmoja amezaa msafara mzima. Hakuna hata mmoja mwenye chale usoni, na wewe unajua bibi zetu walivyochanjwa, wala mwenye ndonya, lile pambo la mti, kwenye mdomo wa juu. Nikamuuliza Adventina, "Watekaji wako wapi?" Akatafuta huku na huku. Hawakuwemo. Mnyororo umetoka shingoni mwa mtu wa mbele ukapotelea hewani, haujashikwa na yeyote. Watu wamefungwa, wanalia, na hakuna aliyewafunga. Hilo liliniuma kuliko mto. Tena kila mtu mle ndani alikuwa ameshakamatwa. Hakuna aliyejificha, hakuna aliyebeba mtungi. Anayeitazama anaona huruma basi, hawezi kujua kwamba wapo walioshinda.

Adventina hana kiburi. Akasema turekebishe. Akaiandikia mashine iondoe mto, ikaweka kisima katikati ya kijiji, na ndoo yake. Akaiambia hakuna maji kabisa, ikatuletea jangwa, mchanga mtupu, na ngamia. Ngamia Newala, Mama. Tukaomba kichaka kizito cha kijani kisicho na maji, ikaurudisha mto, safari hii na kiboko ndani yake. Tukaomba watu wainue vichwa. Wakainua, na wakatabasamu, minyororo iko shingoni.

Adventina akaweka mikono kiunoni. "Dada, hii mashine ni Mhaya mwenzangu. Haijawahi kukosa maji."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma, lakini mkuu akaja akasema siku imekaribia, picha ya kwanza ndiyo itakayotumika. "Wageni wakilia, ujumbe umefika," akasema.

Hapo hasira zikanipanda. Unajua bado sijathibitishwa kazini, na yeye ndiye atakayeniandikia maoni. Lakini nilisema, tena kwa heshima zote: picha ni ya shule, iwekeni mpendavyo, ila jina la bibi yangu litoke. Yeye hakukamatwa. Sitamvisha mimi mnyororo ambao wenye minyororo yao walishindwa kumvisha.

Nikajua leo nimejiharibia. Kisha mkuu akauliza, "Sasa pale mlangoni tuweke nini?"

"Niwekeni mimi."

Basi picha ikapelekwa ukuta wa ndani, bila jina, na mlangoni nikasimama mwanao. Nilivaa kile kitenge chako cha zambarau. Kila kundi la wageni lilipofika nilisimulia upya: kichaka, genge, kiu, mtungi kichwani. Nikawaambia wazi kwamba watu wangu walikuwa na mto, wakauacha kwa hiari yao, wakachagua kiu kuliko kumilikiwa na mtu. Nikawaambia kwamba mpaka leo dumu la maji kwetu halimwagwi ovyo, na kwamba hatuoni aibu. Watu walisimama wakasikiliza, Mama. Mkuu mwenyewe alikuja akasimama nyuma ya kundi, akaondoka, akarudi tena na wageni wake kutoka ofisi ya elimu, akaniambia, "Waambie na hawa." Nilijivuna, kwa nini nifiche? Nilijivunia wewe, na Bibi Nambuta, na ule ukame wetu.

Jioni, watu wakianza kutawanyika, bibi mmoja wa hapa aliyekuja kumwona mjukuu wake alibaki. Alikuwa amesikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza taratibu, "Na yule mdogo wake, aliyechukuliwa, aliitwa nani?"

Nikamwambia ukweli, Mama. Sijui. Sikuwahi kukuuliza. Kwetu jina la mtu halizikwi, linarithiwa, na la Nambuta limepita kizazi baada ya kizazi mpaka likanifikia. La mdogo wake sijasikia mtu aliyepewa. Nimempigania aliyepona kwa maneno makali mbele ya mkuu wangu wa kazi, na yule aliyechukuliwa nimemwacha hana jina, kama wale wa kwenye picha.

Msalimie mjomba, mwambie kwa umri ule asipande tena mikorosho. Msalimie mama mdogo na biashara yake ya sokoni. Kaka wa bodaboda kule Masasi avae kofia, kichwa hakina duka. Mama mkubwa wa Chidya usimtumie salamu, nenda ukamwamkie mwenyewe, ukae naye, maana ndiye mkubwa aliyebaki katika ukoo wetu. Muulize jina la yule binti. Kama halijui, awaulize wazee wenzake. Na kama hakuna anayelijua, nawaomba msinitungie. Kutunga, hata ile mashine ingenitungia, tena jina zuri. Mimi nataka lake. Likikosekana, nitasimama pale mlangoni mwaka kesho niwaambie watu kwamba walituchukulia mtoto, na sisi tukalipoteza jina lake.

Ni mimi mwanao,

Nambuta