Friji Iliyolala

Jumatano, 3 Oktoba 1979

Friji bado ni kabati tu. Nimeweka mkono ndani asubuhi, nimeweka mchana, nimeweka jioni — joto! Maziwa yamekatika. Moto unawaka chini, mafuta ya taa yanaisha, bomba la nyuma linachoma kidole, na ndani hakuna baridi yoyote. Mke wangu Mbinya amerudisha chupa yake ya dawa kwenye chungu cha mchanga uliolowa, pale chini ya dirisha. Alipita mbele yangu amefunika chupa kwa kiganja kama mtu abebaye yai.

Dawa ya sukari haitaki joto. Na huu ni Oktoba, mabati yanalia juu ya kichwa tangu saa nne.

Friji ni ya Mbinya, si yangu. Daktari wa Kitui alinisikiliza kifua akaniambia polepole kwamba mvua hii nikiiona nishukuru Mungu. Ndila, binti yetu, ana stima nyumbani kwake Makindu. Amesema wazi: friji ya hapa isipofanya kazi, mwisho wa mwezi anakuja kumchukua mama yake. Mbinya hataki. Ndila alipomwambia hivyo, alijibu, "Na baba yako nani atakaa naye hapa?" Alikuwa anazungumzia kaburi. Tulicheka wote watatu, mimi nikakohoa mpaka nikashikwa.

Kesho naenda mjini, dukani kwa Ndululu aliyetuuzia.

Alhamisi, 4 Oktoba

Nimechoka sana. Naandika nimelala.

Ndululu nilimfundisha mimi, darasa la kwanza mpaka la nne. Aliponiona mlangoni alipiga kelele duka zima ligeuke. Mwalimu! Kiti cha Mwalimu! Mleteeni Mwalimu soda! Soda ikaja baridi, chupa inatoka jasho. Imetoka kwenye friji kama yangu, rangi ileile, imesimama kando ya kaunta inafanya kazi yake vizuri.

Nikamwambia yangu haipoi. Nimekata utambi vizuri, moto ni wa buluu, nimeweka bakuli la maji juu kuona kama imekaa sawa. Akasikiliza ameinamisha kichwa kama kanisani. Halafu akasema, "Mwalimu, friji ni kama ng'ombe mgeni. Lazima izoee boma." Wateja wakacheka. Nikamwambia ng'ombe mgeni hutoa hata maziwa kidogo. Wakacheka zaidi, yeye akacheka kuliko wote, akanishika mkono mpaka nje. Atatuma fundi. Lini? "Wewe nenda ukapumzike, Mwalimu. Hiyo niachie."

Njia nzima ya kwenda nilikuwa nimepanga la kusema akiniuliza jambo fulani. Hakuuliza.

Jumanne, 9 Oktoba

Fundi hajaonekana. Nimemtuma Kasyoka, jirani yetu mwenye gari la ng'ombe, alikuwa anaenda mjini kwa mbolea. Amerudi na salamu nyingi na habari kwamba fundi anatoka Nairobi, atafika Ijumaa bila kukosa. Amerudi pia na mkate, zawadi kutoka kwa Ndululu. Mkate!

Mbinya anakunywa maji sana. Kikombe hiki, kikombe kile. Nimemuuliza, anasema ni jua. Si jua. Dawa imeharibika ndani ya kile chungu, na yeye anajua, na anajidunga hivyohivyo kila asubuhi akinipa mgongo.

Kasyoka alisimama kidogo mlangoni kabla ya kwenda. Aliangalia friji, akaniangalia. Akasema, "Haya, Mwalimu." Akaenda.

Jumamosi, 13 Oktoba

Ijumaa imepita bila fundi.

Leo niandike lililo kweli. Mbinya anasoma Biblia ya Kikamba tu, Kiswahili cha daftari hili hakiwezi. Sijui kama namwandikia Mungu au najiandikia. Labda nafanya mazoezi ya kusema.

Siku niliyonunua, Mbinya akiwa nyumbani, Ndululu alinionya mbele ya watu: friji hii isilale. Isimame njia yote. Ikilala kwa bahati mbaya, isiwashwe mpaka ikae wima siku nzima, kwa sababu yale maji ya dawa yaliyo kwenye mabomba yanakimbilia mahali si pake. Alisema hivyo, siwezi kumsingizia. Pia aliahidi pikapu yake itatufikisha mpaka mlangoni. Pikapu ilifika soko la Matinyani tu. Dereva akatazama mchanga wa mto, akasema gari lake haliingii hapo, akaishusha friji kando ya barabara, akageuza. Hilo ni kosa lao na sitalisahau.

Lililobaki ni langu. Kasyoka alileta gari la ng'ombe, akaisimamisha friji, akaifunga kamba vizuri. Mimi nilitaka kutembea kando. Hatua chache tu, kifua kikanibana, nikakaa chini barabarani. Nafasi garini ilikuwa ya friji iliyosimama, au ya mimi na friji tukiwa tumelala. Kasyoka akasema atapeleka friji kwanza kisha anirudie. Nikakataa. Kwa nini? Niliona aibu watu wa soko wanione nimeketi vumbini kama mzigo uliosahauliwa. Nikamwambia, "Ilaze." Akasema, "Mwalimu, wamesema —" Nikamkaripia kwa sauti ya darasani. Akailaza. Tukaja hivyo kuvuka mchanga, mimi na friji sambamba, tumefunikwa turubai moja.

Nyumbani tukaisimamisha kabla Mbinya hajatoka jikoni kuiona imelala. Ningengoja kesho yake, ingepona yenyewe. Lakini jioni walikuwa wamekuja watu wa kanisa kuiombea, kama tunavyoombea nyumba mpya au ng'ombe wa maziwa. Kina mama wakaimba. Mchungaji akaweka mkono juu ya friji, akaomba iwe ya uhai kwa mama yetu. Amina. Halafu kila mtu akakaa akaingoja barafu.

Mbinya akaninong'oneza, "Baba Ndila, hakusema tungoje?"

Nikasema, "Hakusema kitu." Nikawasha kiberiti.

Jumapili, 14 Oktoba

Kanisani. Ndululu huja Jumapili, mama yake yuko hapa. Baada ya ibada alikuja kutusalimu, mikono miwili, tabasamu. Mbinya akaweka mikono yake nyuma.

"Mama, fundi ni Ijumaa."

"Ijumaa ya mwaka gani?"

Watu wakacheka. Mbinya hakucheka. Akamwambia, sauti ya juu, kwamba alimuuzia mwalimu wake kabati la mabati, na hata kumwambia namna ya kuiwasha hakumwambia. Mke wa Ndululu alikuwa pale. Ndululu akafungua mdomo, akanitazama mimi. Nilimwona akikumbuka alivyonionya. Nikaangalia viatu vyangu.

Akafunga mdomo! Angeweza kusema. Heshima ikamfunga. Na mimi heshima yake nikaivaa kama koti langu.

Mbinya alitembea mbele yangu njia yote. Mguu wake wa kushoto unakufa ganzi, anauvuta kidogo. Anafikiri sioni.

Jumatano, 17 Oktoba

Nesi wa dispensari alipita kumpima Mbinya. Sukari iko juu, hakutaka kutuambia juu kiasi gani. Ameacha chupa mpya na kusema hii nayo haitakaa ndani ya chungu. Dispensari haiwezi kumwekea; friji yao imejaa chanjo, na Mbinya kwenda na kurudi kila asubuhi kwa mguu ule haiwezekani.

Wakati anafunga mkoba akaitazama yetu. Akasema ya kwao iliwahi kuanguka ikishushwa kwenye lori, ikakataa kupoa kama hii. Wakaigeuza kichwa chini, miguu juu, siku nzima. Wakaisimamisha, wakaiacha itulie, wakawasha. Barafu!

"Yenu ililala, Mwalimu?"

Mbinya alikuwa palepale, anashusha mkono wa blauzi.

"Hapana," nikasema.

Sasa ni mara ya pili. Ya kwanza nilikuwa na haraka. Ya leo haikuwa na haraka yoyote.

Ijumaa, 19 Oktoba

Mbinya alikwenda kwenye mkutano wa kina mama. Nikajaribu kuigeuza peke yangu. Nilitoa tangi la mafuta, nikaweka blanketi sakafuni, nikaikumbatia. Iliinama kidogo, ikarudi, ikanisukuma mpaka ukutani. Nikakaa chini nikihesabu pumzi.

Kasyoka akanikuta hapo. Akanikalisha kitini, akarudisha tangi mahali pake, akakunja blanketi.

"Hii inataka watu wanne, Mwalimu. Niwaite?"

Watu wanne ni kijiji kizima. Watauliza ni ya nini, na Mbinya atarudi awakute. Nikasema asiwaite.

"Basi wewe mwambie mama," akasema. "Mimi siwezi kumwambia. Ni nyumba yako."

Nikamuuliza, wakikuuliza wewe?

Akavua kofia, akaitazama ndani. "Nitasema utakavyosema wewe."

Mtu huyu hakopeshi uongo kwa yeyote. Hata bei ya mbuzi husema moja tu. Na mimi nimemwacha aondoke na ahadi ile mdomoni.

Jumapili, 21 Oktoba

Sikwenda kanisani. Miguu imevimba. Barua ya Ndila imefika kupitia kwa kondakta: anakuja Jumamosi ijayo na gari la mume wake. Mbinya ameikunja akaiweka chini ya kitambaa cha meza. Akatoka akafagia uwanja, akafagia mpaka kule kwenye migunga — mahali nilipomwonyesha Kasyoka kwamba nizikwe. Amepafagia pia.

Jumatatu, 22 Oktoba

Wamekuja! Pikapu imebaki ng'ambo ya mto, wamevuka kwa miguu: Ndululu mwenyewe, jasho mpaka kwenye tai, na fundi wa Nairobi, kijana mfupi hana maneno mengi. Kasyoka ameitwa na gari lake la ng'ombe. Naandika hapa dirishani, wako nje, wameitoa friji mpaka kivulini. Mbinya amewapa chai, hata Ndululu amempa, bila kumtazama.

Fundi ameigonga, ameisikiliza, amegusa bomba juu na chini. Ameuliza jambo moja tu. Ililala? Kama ililala ikawashwa, ataigeuza hapahapa, leo, na kesho kutwa huenda ikawa nzima. Ila garanti imekufa, aliyeiharibu ni mwenyewe. Kama haikulala, basi kasoro ni ya kiwandani: inakwenda Nairobi, watabadilisha. Lini? Mwezi wa kwanza. Labda wa pili.

Ndululu akasema haraka, kwa upole wake, "Si lazima kumsumbua Mwalimu. Kasyoka ndiye aliyeibeba. Kasyoka, ililala?"

Nilisikia kutoka hapa. Ng'ombe alipiga mkia. Halafu:

"Ilisimama."

"Njia yote?"

"Njia yote."

Mbinya akasema, "Si nilikuambia!" — akimwambia Ndululu. Sauti yake ina furaha. Ameshinda. Ndululu amesema pole mama, pole sana, mbele ya fundi, mbele ya watoto waliokuja kutazama. Pole kwa kosa langu!

Sasa wanaipakia. Mwezi wa kwanza Mbinya atakuwa Makindu, au atakuwa hapa na ile chupa kwenye mchanga. Mimi nitakuwa kule alikofagia.

Wameiweka garini. Ndululu anakimbia huku na huku, anapiga kelele, "Isilale! Kasyoka, funga hapo, isilale hata kidogo!" Kasyoka anashika kamba lakini hafungi. Amesimama tu na kamba mkononi. Anatazama dirisha hili.

Nimejaribu kusimama, miguu hii iliyovimba haikubali. Nimemwita Mbinya. Anasema subiri, wanamaliza. Nimemwita tena. Anakuja, anafuta mikono kwenye kanga, anauliza nataka maji?

Sitaki maji. Nishike mkono, Mbinya, unitoe nje, kabla Kasyoka hajafunga kamba. Nataka niwaambie mwenyewe: ililala.