Nyanya Zilizoota Nyuma ya Nyumba ya Gozbert

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Muleba. Tarehe 08/07/2024, saa 3:15 asubuhi.

Jina: Klaudia Karugendo
Umri: Miaka 47
Kabila: Mhaya
Dini: Mkatoliki
Kazi: Mtunza stoo, shule ya sekondari
Makazi: Kagondo, Manispaa ya Bukoba

Mimi ni dada mkubwa wa Joanitha, mke wa Gozbert wa Kishanda. Tarehe na saa ninazotaja nimezitoa kwenye shajara yangu, ambayo ninayo hapa.

Mnamo tarehe 11/03/2024, Jumatatu, asubuhi kulikuwa na manyunyu na ukungu. Joanitha alikuwa amekaa kwangu siku tisa baada ya kugombana na mumewe, akaamua kurudi. Kabla hajaondoka aliniomba mbegu za nyanya za mama. Marehemu mama alizipanda nyuma ya jiko maisha yake yote, na tangu afariki nimezipanda mimi peke yangu. Sijauza wala kumpa mtu mwingine mbegu. Kila msimu nachagua tunda la kwanza kuiva, naloweka mbegu kwenye kikombe siku tatu, nazisuuza na kuzianika juu ya gazeti. Nilimhesabia mbegu thelathini. Alizifunga kwenye pindo la khanga aliyovaa.

Nilimwambia, "Si uziweke kwenye mkoba?"

Akacheka. "Mkoba ataupekua, waitu. Safari hii, dada, napanda kitu changu mwenyewe."

Saa 2:40 alipanda basi stendi ya Bukoba. Alikaa dirishani. Nilimwambia akifika apige simu. Hakupiga.

Tarehe 12/03/2024 saa 1:05 asubuhi nilimpigia Gozbert. Alisema, "Shemeji, dada yako hajakanyaga hapa. Mtafuteni Mwanza, atakuwa amepata bwana." Tarehe 15/03/2024 nilitoa taarifa polisi. Simu ya Joanitha haijapatikana hadi leo.

Juzi, tarehe 06/07/2024, Jumamosi, kulikuwa na jua na upepo wa ziwani. Nilikwenda Kishanda kuomba picha ya Joanitha kwa ajili ya tangazo la kumtafuta. Nilifika saa 6:20 mchana. Gozbert alikuwa peke yake. Alinipa kahawa ya kutafuna kama mgeni, kisha akaleta ndizi, maharage na kachumbari.

Nilikula kachumbari kijiko kimoja. Tulipokuwa watoto mama alikuwa akituambia tufumbe macho, anatulisha vipande vya nyanya, nasi tunasema kila kimoja kimetoka shina lipi. Joanitha alikuwa anapatia kuliko mimi. Nyanya ile huanza na ukali, halafu utamu, na mwisho inaacha kitu kama chumvi nyuma ya ulimi. Nilikuwa nimeshameza nilipoitambua.

Nilimuuliza amezinunua wapi.

Akasema, "Kununua? Ninyi watu wa Bukoba ndio mnanunua nyanya. Huku zinajiotea tu. Ziko pale nyuma, kwenye shimo la choo cha zamani. Sikupanda, sikumwagilia."

Nikasema, "Kumbe choo mmeshakifukia."

"Mwezi wa tatu, mvua zilipoanza. Kula, shemeji, mbona umeacha?"

Niliaga kwamba naenda uani. Nyuma ya nyumba, pembeni ya migomba, niliona mashina kumi na moja ya nyanya yameota mahali pamoja, yamesongamana, mengine yametoka karibu katika kitundu kimoja. Mtu anayepanda hapandi hivyo. Matunda yalikuwa na mikunjo kama boga dogo, na mabega ya kijani. Sikung'oa kitu. Nilisimama hapo kwa muda ambao sikuuandika.

Nilirudi ndani, nikamaliza sahani yangu ili asinishangae. Hilo naomba liandikwe. Niliimaliza yote.

Alinipa picha. Nilipoaga akaniwekea nyanya nne kwenye mfuko. Alisema, "Chukua, shemeji, zinaoza tu." Nikamshukuru.

Nimeulizwa na afande kama nyanya hiyo haiwezi kutoka sokoni. Jibu: ya sokoni ukiikata katikati ina vyumba vya mbegu viwili au vitatu. Yetu ina tisa, mara nyingine kumi. Kabla ya tarehe 11 Machi mbegu hiyo haikuwapo Kishanda. Iliondoka kwangu ikiwa kwenye pindo la khanga ya mdogo wangu.

Sijui chini ya mashina yale kuna nini. Ninachojua ni kwamba Joanitha alifika.

Jumamosi hiyo nilirudi Kagondo saa 12:30 jioni. Nilipiga mswaki mara mbili. Ladha haikutoka. Niliandika haya yote kwenye shajara na kulala saa 10:10 alfajiri.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu na ni ya kweli.

Sahihi: K. Karugendo

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Awadhi. Nimepokea nyanya nne kutoka kwa shahidi. Moja nimeikata mbele yake. Vyumba vya mbegu ni tisa. Askari wanaondoka kwenda Kishanda saa 5:00 asubuhi. Shahidi ameomba mbegu za tunda lililokatwa zisitupwe. Nimezifunga kwenye karatasi na kuandika tarehe.