Kumshusha Kukhu kutoka Somili

Jumanne, 7 Agosti 1951

Mvua tena. Nimechota maji, nimepika uji wa Mama, nimefua nepi za mtoto. Hazikauki. Hapa somili, kwenye kiwanda cha kupasua mbao, jua hufika saa nne, na leo halikufika kabisa.

Baba amepitia nyuma ya nyumba, kwenye matope, kwa sababu Kukhu alikuwa ameketi mlangoni. Kukhu ni mama wa Mama. Alitoka Butere kuja kumwangalia Mama alipojifungua vibaya. Hawezi kulala nyumba ya mkwe wake, kwa hiyo mimi na yeye tunalala kwa jirani, Mama Rispa, ambaye ameshuka Molo na mumewe. Baba hawezi kumpa Kukhu mkono, wala kula mbele yake, wala kumtazama usoni. Akiwa na neno ananipa mimi, hata kama Kukhu yuko pale pale anasikia. "Nafula, mwambie mama kuni ziko." Naye, "Nafula, mwambie asante." Nasimama katikati kama waya wa simu. Mimi ambaye nikiitwa darasani natetemeka.

Naandika kwa Kiswahili. Madaftari ya Kiingereza mwalimu huyakusanya na kuyasoma mbele ya watu. Ningekufa.

Jumatano, 8 Agosti

Kukhu anakohoa tangu alfajiri. Akilala chali hapumui. Anasema kuna kisu ubavuni. Mama amesikia kikohozi kupitia ukuta na amelia, lakini hata kusimama bado hawezi.

Lori halitakuja. Barabara imebomoka kwenye kona ya chini na wanaume wote walishuka Jumamosi somili iliposimama. Amebaki Baba, fundi wa boila ya mvuke ya mashine, na mzee Chumo mlinzi, ambaye mguu wake ulipondwa na gogo zamani.

Baba ameniuliza Kukhu anaumwa wapi. Nikasema kifuani. Nimeona haya kusema mbele yake neno kifua. Mjinga mimi.

Alhamisi, 9 Agosti

Kukhu amekataa uji. Midomo yake ina rangi ya majivu.

Baba ameamua. Kesho tunapita njia ya juu, ile ya kuvuka mgongo wa mlima na kuteremkia mashamba ya viazi hadi Molo. Siku nzima kwa mtu mzima mwenye nguvu. Mzee Chumo atakaa na Mama. Amemwambia Baba, "Fundi, mama huyu hatembei huyu. Utambeba."

Baba akasema hapana, atabebwa na Nafula.

"Kwani huyo mama ni chui?"

Baba hakucheka. Kwetu mkwe na mama mkwe wakigusana, aibu huwaangukia watoto. Na tuna mtoto mchanga ndani ambaye hata jina hajapewa. Najua Baba anawaza hilo. Mimi pia. Shuleni tunaambiwa tusiamini. Ni rahisi kutoamini ukiwa shuleni.

Kukhu anasema atatembea. Anasema alipokuwa msichana alienda Kisumu na kurudi na kikapu cha simsim kichwani. Alipomaliza kusema hivyo hakuwa na pumzi.

Ijumaa, 10 Agosti

Tumepumzika hapa juu, mianzi inapoishia. Vidole vimekufa ganzi, kalamu ya risasi inaanguka.

Baba yuko mbele, na shanta la kijeshi alilopewa na ndugu yake aliyerudi kutoka vitani Burma. Ndani kuna blanketi, unga, sufuria, kuni kavu. Anatembea mbali kidogo asimwone Kukhu akipandisha nguo ili apite matope. Kukhu alitembea hadi mianzi ilipoanza. Kisha akakaa chini kama mtoto. Nimembeba tangu hapo kwa leso. Nilidhani ni mwepesi. Ni mwepesi. Lakini mlima unamwongezea uzito.

Siwezi. Nimeandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 11 Agosti. Molo

Tuko nyumbani kwa kina Mama Rispa. Nitaandika yote kabla sijaanza kuyabadilisha kichwani.

Juu kule hakuna miti. Nyasi ndefu na ukungu, na upepo unaopita kwenye sweta kama haipo. Mvua ya mawe ilitupiga. Nilimfunika Kukhu kichwa kwa leso ya kumbebea, nikamshika kwa mikono nyuma yangu. Nilikuwa natembea hatua chache, nasimama, napiga goti. Kila nikipiga goti Baba anasimama mbele na mgongo wake umetugeukia. Mgongo ule. Yule mtu hubeba nguzo ya mwerezi peke yake wengine wakipiga makofi. Nilimchukia. Ninaandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilimchukia na nilijua hana kosa.

Alikuwa anauliza bila kugeuka. "Nafula, mwambie mama tumekaribia." Nikimwambia, Kukhu hajibu. Nikajibu mwenyewe, "Anasema asante." Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu sikuweza kudanganya, nikanyamaza, na Baba naye akanyamaza, na hapo ndipo nilipoogopa kabisa.

Tukaanza kuteremka. Kule chini kuna mto ambao siku zote unavukwa kwa mawe. Mawe hayakuonekana. Maji ya kahawia, yanabeba matawi. Baba akavuka kwanza, yakamfika kiunoni, akaweka shanta ng'ambo, akarudi hadi katikati akasimama kunipokea. Lakini kunipokea vipi? Akinishika mimi amemshika Kukhu. Akanyoosha fimbo. Nikaishika. Hatua ya kwanza, ya pili. Jiwe likageuka chini ya mguu wangu nikaanguka ukingoni, na Kukhu akaanguka juu yangu, uso wake kwenye maji. Nilimvuta. Hakukohoa. Macho yamefumba.

Nikapiga kelele. Sijawahi kumpigia Baba kelele maishani. Hata sikusema neno, nilipiga tu kelele.

Baba akatoka majini. Akavua koti lake, lile zito la kazini, akamfunika nalo Kukhu mwili wote, kichwa na mikono, kama mtu anayefunga mzigo. Alikuwa anatazama juu, kwenye miti. Akasema polepole, si kwangu, sijui kwa nani, "Nisameheni." Kisha akamgeuzia mgongo, akainama, nami nikampandisha.

Akavuka. Mimi nikafuata kwa fimbo. Nikachukua shanta. Lilikuwa limejaa maji, kamba zinakata mabega, na nilishukuru kuwa na kitu kinachoniumiza.

Tulikuwa kwenye viazi vya kwanza Kukhu alipoamka. Sauti ikatoka ndani ya koti. "Nafula?"

Baba akasimama kama amepigwa risasi. Akanitazama. Sijawahi kuona macho ya Baba yakiniomba kitu.

Nikasogea hadi begani kwake, karibu kabisa. "Naam, Kukhu."

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kukhu akasema, "Unanuka mafuta ya mashine."

"Ni koti la Baba. Alinipa tukufunike."

"Aa." Halafu akasema, "Umekuwa mrefu."

Hakuongeza. Nikaona kichwa chake kikishuka chini ya koti, kikalala kwenye shingo ya Baba. Baba akaanza kutembea. Hakumweka chini tena hadi nyumba za kwanza, na hapo alimweka nyuma ya ua, nikambeba mimi kuingia, watu wasione. Nilitembea ubavuni mwake saa zote hizo. Kila Kukhu alipoita niliitika.

Jumatatu, 13 Agosti

Mtu wa dispensari amempiga sindano. Anasema kichomi, pande zote mbili, na moyo umechoka, apelekwe hospitali Nakuru. Kukhu amesema hapana, apelekwe kwao. Amesema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayekataa sukari. Mjomba amepigiwa simu ya stesheni.

Hakuna mtu anayebishana naye. Mimi pia sikubisha. Nilimsugua miguu. Hilo tu naweza.

Baba amelala kwenye stoo ya magunia upande wa pili wa barabara. Ananiita nje, ananiuliza kama Kukhu amekula.

Alhamisi, 16 Agosti. Somili

Jana tulimpandisha Kukhu kwenye treni. Mjomba, aliyekuja kumchukua, alimbeba kama kawaida ya mtoto na mama yake, mbele ya watu wote. Baba alisimama mbali, nyuma ya tangi la maji, kofia mkononi, shati tu mwilini. Molo asubuhi watu wanatoa moshi mdomoni.

Kukhu alikuwa amevaa koti. Sikumvisha mimi. Alilivaa mwenyewe, vifungo vyote hadi kooni, mikono imemzidi. Mjomba akamwambia, "Mama, hili la mwanamume umelitoa wapi? Tulirudishe."

Akasema, "La Nafula."

Mjomba akanitazama. Nikatazama viatu vyangu.

Treni ilipoondoka Kukhu hakugeuka upande wa tangi. Hageuki, ndivyo ilivyo. Aliniwekea kiganja kwenye kioo hadi behewa likapita. Sitamwona tena. Najua. Mama pia anajua, hajaniuliza.

Tumerudi leo kwa njia ya juu. Mto umepungua, mawe yanaonekana. Mtoto ni mzima, ananyonya. Nilimtazama muda mrefu kabla ya kuvua viatu.

Mama akamwuliza Baba, "Koti lako?"

"Nimempa Nafula," akasema.

Mama akanigeukia. Nilikuwa na sweta ya shule tu, imelowa, nachuruzika mlangoni. Nikaenda kuleta kuni.