Siku Niliyopata Wafanyakazi

Maurine weh! Wacha chochote unafanya. Nimejiaibisha hapa mtaa wa Fedha, kwa ule ukumbi huwa tunakodi meza za kufanyia kazi, sijui hata nitatokaje mlangoni.

Si unamjua yule mteja wangu wa Mombasa, ninayemfanyia tafsiri? Nimekuwa nikimwambia nina ofisi, nina wafanyakazi. Mimi Adongo! Mfanyakazi wangu ni chaja.

Leo akapiga simu ya video. "Hebu nionyeshe timu yako." TIMU!

Nikageuza laptopu polepole, nikijua kila mtu kwa meza zile zingine ameziba masikio na earphone zake. Kumbe walikuwa wamesikia uongo wote. Maurine, walisimama. Walisimama aki! Wakapunga mikono: "Habari ya asubuhi, bosi!" Falis, yule wa kuuza mabuibui mtandaoni, akaongeza, "Bosi wetu hana makuu." Nilitamani ardhi inimeze.

Mteja akachekelea. Halafu akauliza, "Na yule wa pembeni, asiyeinua kichwa?"

Ningenyamaza tu. Lakini mdomo wangu unaujua. "Huyo ni Hirad, ndiye namtegemea kwa tafsiri zote."

Hirad anauza manukato, Maurine. MANUKATO.

Mteja naye: "Basi kesho huyo ndiye atanieleza kazi imefika wapi. Wewe pumzika."

Nimeenda kumbembeleza Hirad, karibu nipige magoti. Amekubali, tena kwa furaha. Akajinyoosha kwa kiti, akaniuliza mbele ya ukumbi mzima:

"Sawa bosi. Kwani sisi huwa tunafanya kazi gani?"