Nguzo ya Katikati: Inalia au Imenyamaza?

Temeke, Jumatano, masika. Mvua imeshika tangu alfajiri, na kichwa changu kimevurugika kuliko barabara.

Nianze na sifa zangu, maana nisipojisifu mie nani atanisifu? Temeke nzima hakuna mtu mwenye bahati kama Athumani. Kule Burma, vitani, bomu lilidondoka karibu yangu, shimo lake ungeweza kuzika ng'ombe. Mie nikanyanyuka mzima, nikakung'uta vumbi, nikauliza chai iko wapi. Nimetembea Kolombo, nimetukanwa kwa Kihindi bandarini Bombei, nimerudi na kila kiungo mahali pake. Ndiyo maana Mzungu wa barabara alipotafuta watu wa kufundishwa kukagua madaraja, mie alinitazama mara moja tu.

Lakini leo sielewi kitu.

Mzungu huyu sie tunamwita Bwana Nyundo, maana hata akienda chooni anakwenda nayo. Somo lake ni hili: unashuka chini ya daraja, unagonga nguzo ya mbao, unasikiliza. Mbao nzima hutoa mlio mkali. Iliyooza ndani hutoa kishindo kizito, kama umepiga gunia la unga. Mwenyewe anasema, "Nguzo nalia, mzuri. Nguzo nyamaza, mbaya."

Hapo ndipo nilipopotea. Kwetu kinacholia kina shida. Mtoto akilia tunamkimbilia. Tena lori likipita juu, daraja lile lile likalia, Bwana Nyundo hushika kichwa: "Mbaya sana!" Sasa daraja lilie au lisilie? Nilimuuliza.

Akajibu, "Ndiyo."

Leo tumepelekwa kwenye daraja la barabara ya Kilwa, ambalo malori yenye mzigo yamezuiwa kupita tangu mto ujae. Tulioshuka majini ni mie na Yohana, mtu wa bara, baba wa watoto, amesoma misheni na haongei ovyo. Bwana Nyundo alibaki juu na mwavuli wake.

Tukafika nguzo ya katikati. Nikagonga. Ikalia.

Yohana naye akagonga. "Kaka Athumani, hii imenyamaza."

"Imenyamaza kwa kukuona wewe. Kwenu mmezoea kugonga migomba."

"Utani tuuache, kaka. Gonga tena."

Nikagonga tena. Ikalia. Kwa ubishi nikaligonga hata tope la ukingoni. Nalo likalia.

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Bwana Nyundo akapiga kelele kutoka juu, tunagombania nini? Yohana akaeleza kwa adabu. Yule bwana hakumtazama hata kidogo. "Wewe, askari zamani! Sema wewe. Nalia?"

"Inalia, Bwana."

Basi. Nikapewa chokaa, nikaipaka nguzo alama nyeupe ya uzima. Kesho asubuhi malori yanapita.

Nimerudi nyumbani nimekuta furaha. Mwajuma mke wangu ana kaka yake, Sefu, dereva wa lori la mawe, ambaye tangu daraja lifungwe amekaa bure na uso umemshuka. Habari ilishamfikia. Kanikumbatia na maji yangu ya mto, mwili mzima.

"Shemeji, kesho lori la kwanza kupita ni langu! Na makuli wangu wote juu ya mawe, wakikuimbia wewe!"

"Waimbe polepole," nikasema.

Wakacheka wote. Wananijua mie ni mtu wa mzaha.

Sefu ameshaondoka. Mwajuma yuko uani anatwanga. Nimekaa nikiwaza: Yohana ana masikio mawili, nami nina mawili, kwa nini nguzo moja imwambie yeye hivi na mie vile? Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Mchi wa Mwajuma ukapotea kabisa, kama ameuweka chini. Nilipotazama, alikuwa bado anatwanga. Ukabaki mlio ule wangu, mwembamba, usiokatika, ninaolala nao na kuamka nao mpaka nimeusahau.

Kesho, kabla Sefu hajawasha lori, nitasimama katikati ya daraja, anigonge mie kwanza. Bwana Nyundo nitamwambia aifute ile chokaa na amsikilize Yohana. Kazi nitafukuzwa. Mwajuma nitamtazamaje, sijui. Wala sijui nianzie wapi kusema, kwa kuwa miaka yote hii kwenye kila baraza nimesimulia vingine.

Labda nijaribu hapa kwanza.

Sikutoka mzima Burma. Bomu lile liliniua sikio la kushoto, likaniachia mlio. Bahati niliyoiandika hapo juu ni uongo.