Spika Zilizoleta Wageni Nyumbani

Jumamosi, Bariadi. Jua la Julai, vumbi jepesi, na mimi nina furaha ya kijinga tangu mchana.

Rafiki yangu wa Mwanza anayeuza spika za maana aliniazima jozi mbili nizisikilize nyumbani. Moja ndefu, zinanifika kifuani. Nyingine ndogo, za mbao, zinakaa juu ya stendi. Nibaki na jozi moja, nyingine ipande basi kesho asubuhi. Nimezitamani spika za namna hii tangu nikiwa chuoni. Nikikosea leo, nitakuwa nasikiliza kosa langu kila jioni.

Wiki nzima nimekuwa mtu wa ajabu. Nasikiliza hizi, nahamisha nyaya, nasikiliza zile, nasahau za kwanza zilisemaje. Malori ya pamba yakipita, nasubiri yapite. Mke wangu Minza anasema nakaa kama mgonjwa anayepimwa masikio.

Nikiri tu, moyo ulishaegemea zile ndefu. Besi yake unaisikia tumboni.

Sasa, mama mkwe yuko kwetu. Amekuja kutoka Shishiyu kumwona mjukuu. Mimi ni mtu wa Iringa, na heshima ya ukwe kwa Wasukuma wa umri wake nimejifunzia ukubwani. Nikiwa sebuleni, yeye hakanyagi sebuleni. Namsalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu", kupitia ukuta wa jikoni, naye anaitikia kwa upole, basi. Anakula kule kule na Minza. Nampenda sana mama huyu, na sura yake siijui vizuri!

Leo mchana nikaweka rekodi ya kwaya ya akina mama, sauti tupu na makofi. Nikaanza na zile ndefu. Hata wimbo wa kwanza haujaisha, Minza akaja anacheka. Mama anauliza mkwe amefungua disko, maana sufuria zinatetemeka. Nikazima, nimenuna kidogo.

Minza akaenda dukani. Nikahamishia nyaya kwenye zile ndogo, nikaanza rekodi upya, nikafumba macho.

Kabla ya wimbo wa pili kuna mwimbaji anakohoa. Kikohozi kilitokea pale karibu na kabati, kama mtu kasimama hapo. Nikadhani ni uchovu wangu. Nikaiacha rekodi iende mpaka mwisho.

Kimya kilipoingia nikasikia hatua, nikafumbua macho.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Jagi la maji mkono mmoja, beseni mkono mwingine, taulo begani, kitenge kipya kiunoni.

Kumbe aliwasikia akina mama wanaimba ndani, akajua kikundi cha kanisani kimekuja kumwona mtoto. Minza hakuwepo wa kumwambia. Akaongeza unga kwenye ugali, akabadili kitenge, akaja kunawisha wageni. Wageni wakishaingia hawawezi kukaa bila maji, hata kama mkwe yupo.

"Baba, wageni wamepitia wapi?"

Nilikuwa peke yangu kwenye kochi. Nikanyoosha kidole kwenye spika. Akazitazama, akanitazama, halafu akaangua kicheko kilichomwinamisha, maji yakamwagika sakafuni, akakimbilia jikoni akisema, "Mama yangu!" Mimi nilicheka mpaka machozi. Ugali tumegawia majirani.

Basi nimechagua. Zile ndefu alizisikia akajua ni muziki. Hizi ndogo alizisikia akapika. Masikio yangu yalikuwa yanafuata besi na ukubwa wa boksi, na nusura nirudishe spika bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo ndani ya nyumba. Zile ndefu zimeshafungwa, zinasubiri basi.

Jioni Minza akaniletea ujumbe kutoka jikoni. Mama anauliza kama wale akina mama wanaweza kuimba tena, na safari hii angependa kuwaona wanapotokea.

Nikaelewa. Nikawasha rekodi, nikatoka nje, nikakaa juu ya ndoo chini ya dirisha.

Naandika haya nikiwa bado hapa. Mbu wameanza. Mama mkwe amekaa katikati ya sebule yangu kwa mara ya kwanza, na sasa anaimba nao, kwa sauti kubwa, bila kumwonea aibu mtu yeyote.

Sina haraka ya kuingia ndani.